KO2 au Geolandar? Kuchagua tairi la AT kwa Prado ya familia na kwa Land Cruiser ya kazi

Shemeji yangu wa Dodoma alinitumia picha mbili usiku, matairi mawili yameegemezwa ukutani dukani, na swali la neno moja: "Lipi?" La kushoto lilikuwa BFGoodrich All-Terrain KO2, lile lenye maandishi makubwa meupe. La kulia lilikuwa Yokohama Geolandar A/T G015. Yote mawili ni ya Prado yake, kipimo 265/65R17. Nikamjibu, "Shem, umepiga picha kashata. Nipigie ubavu." Kashata ni vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara; ubavu ni upande wa tairi wenye maandishi. Akashangaa, lakini kesho yake alirudi dukani akapiga ubavu, na hapo ndipo mazungumzo yetu yalipoanza.

Nayaweka hapa niliyomwambia kwa sababu naona watu wengi wanatumia fedha nyingi vibaya kwenye jambo hili. Tairi la AT, yaani la nusu lami nusu porini, tunalichagua kwa maua yake: kashata kubwa, mabega yenye meno, gari lionekane limekaa kiume. Kashata zina kazi yake na nitazifikia. Lakini mtu atakayekaa na tairi miaka mitatu au minne anaishi na mwili wake: ubavu una unene gani, limejengwa kubeba uzito gani, lenyewe lina kilo ngapi, na lilitoka kiwandani lini. Hayo yote yameandikwa ubavuni, na hakuna muuzaji anayeweza kuyafuta.

Ubavu unasema nini

265 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya ule upana, kama milimita 172. R inaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyolazwa, na 17 ni inchi za rimu. Mpaka hapo matairi ya shemeji yalikuwa mapacha. Yalianza kuachana kwenye herufi na namba zilizofuata. Geolandar liliandikwa 112H. KO2 lilikuwa na LT mwanzoni, na mwishoni 120/117S.

112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120. 120 ni kilo 1,400, na ile 117 iliyofuata ni kilo 1,285 kwa tairi moja pale yanapofungwa mawili mawili kwa nyuma kama kwenye lori dogo, jambo lisilomhusu mwenye Prado. H ni mwendo usiozidi kilomita 210 kwa saa, S ni 180. LT ni alama ya tairi lililojengwa kwa magari madogo ya mizigo: nyuzi nyingi zaidi, mpira mwingi zaidi, na uwezo wa kujazwa upepo mwingi zaidi. KO2 la kipimo hiki linaruhusu hadi psi 80. Hiyo ni ukomo tu, na nimeona watu wakiichukua kama agizo.

| | Geolandar A/T G015 (112H) | BFGoodrich KO2 (LT 120/117S) |
|---|---|---|
| Mzigo kwa tairi moja | kilo 1,120 | kilo 1,400 |
| Mwendo wa juu | km 210 kwa saa | km 180 kwa saa |
| Kina cha kashata likiwa jipya | takriban mm 10 | karibu mm 12 |
| Uzito wa tairi lenyewe | chini ya kilo 20 | zaidi ya kilo 20 |
| Ubavu | mwepesi, unanyumbuka | tabaka tatu za nyuzi, mgumu |

Ukisoma jedwali hili haraka utasema KO2 limeshinda kila mahali isipokuwa mwendo, na hakuna mwenye akili anayeendesha Prado kilomita 180 kwa saa. Shemeji naye alisema hivyo hivyo. Lakini Prado ya toleo la 150 ikiwa tupu ina tani mbili na ushei, na ikijaa watu na mizigo inafika kama tani 3. Matairi manne ya 112 yanabeba jumla ya kilo 4,480. Nafasi iliyobaki ni kubwa. Zile kilo 280 za ziada kwa kila tairi unazilipia dukani, kisha unaendelea kuzilipia kila siku kwa uzito wa tairi lenyewe, na huenda hutazitumia hata siku moja.

Kwenye lami

Nilimuuliza shemeji gari lake linakwenda wapi kwa wiki. Kazini na shuleni mjini Dodoma. Mara moja au mbili kwa mwezi Dar es Salaam, ambayo ni kama kilomita 450 za lami kwenda peke yake. Na Jumamosi nyingi shambani kwake Hombolo, kwenye zabibu, njia ya vumbi yenye mchanga na miiba. Ukijumlisha, zaidi ya sehemu nane katika kumi za mwendo wake ni lami.

Kwenye lami tairi zito linajitangaza. Uzito wa tairi na rimu uko chini ya springi, kwa hiyo shokapu ndiyo inayopigana nao kila unapopita kiraka au tuta. Kilo nne tano zaidi kwenye kila gurudumu unazisikia mikononi kwenye usukani na mgongoni mwa abiria wa kiti cha nyuma. Gari linachelewa kidogo kuondoka, na mafuta yanaongezeka kidogo. Sauti nayo ipo: KO2 jipya si la kelele sana, lakini kashata zinapoliwa nusu, mlio unapanda, na mtu anayekwenda Dar na kurudi atausikia saa nane au tisa mfululizo.

Lami iliyoloa ndiyo iliyonisumbua zaidi, kwa sababu shemeji anaendesha na watoto. Mpira wa KO2 umetengenezwa usichunwe na mawe, na mpira wa namna hiyo huwa mgumu zaidi. Mpira mgumu haushiki lami iliyoloa kama mpira laini. Matairi yote mawili yana mikato midogo kwenye kashata, ile mistari kama ya wembe inayofungua njia ya maji, lakini Geolandar limeegemea barabarani zaidi na linanipa utulivu zaidi mvua inaponyesha kwenye kona za Morogoro kuelekea Chalinze. Mwenye KO2 anaweza kuendesha salama kabisa kwenye mvua, ila ampe nafasi zaidi aliye mbele yake na apunguze mwendo mapema.

Changarawe, matope, mawe na miiba

Watu wanazungumzia "porini" kama sehemu moja. Kuna pori nne tofauti, na kila moja inataka tairi lake.

Changarawe kavu, ile barabara iliyojikunja kama bati, inataka tairi linalonyumbuka. Ubavu wa Geolandar unapokea mitikisiko mingi kabla haijafika kwenye shokapu. KO2 linatikisa gari zaidi usipopunguza upepo, lakini linavumilia kuchunwa. Ukipiga kilomita elfu nyingi kwa mwaka kwenye kokoto kali, kashata za tairi laini zitaanza kumeguka vipande vidogo kwenye kingo, na hapo mpira mgumu unarudisha fedha yako. Kwa Jumamosi za Hombolo, haijafika huko.

Matope ndiyo yanayodanganya wengi. Kwenye udongo mwekundu wenye kokoto AT lolote zuri linapita. Kwenye ule udongo mweusi wa mbuga, masika ikishakolea, AT zote mbili hizi zinakuwa kipara ndani ya mita hamsini: udongo unajaa kati ya kashata na haudondoki. KO2 limewekewa vinundu kwenye mifereji ya mabegani vya kusaidia tope kubanduka, na kwa kweli linajitahidi zaidi kuliko Geolandar. Lakini usinunue KO2 ukidhani umenunua tairi la matope. Tairi la matope ni MT, lina mapengo makubwa, linalia barabarani kama trekta na linaisha haraka kwenye lami. Mwenye gari la familia asiyeishi mbugani hana haja nalo, na sitalizungumzia tena.

Mawe ndipo KO2 linapojitenga na kundi. Niseme yaliyonikuta. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa narudi kutoka Ziwa Natron, kati ya Engare Sero na Mto wa Mbu, nikiwa na matairi ya kawaida ya barabarani yaliyokuja na gari. Njia ile ina mawe ya volkano, meusi, yenye makali kama chupa iliyovunjwa. Sikusikia mlipuko. Nilisikia gari linalegea kushoto, nikashuka, nikakuta ubavu umefunguka urefu wa kidole. Kashata zilikuwa nzima kabisa. Pancha ya kwenye kashata inazibika, ya ubavuni haizibiki, na fundi anayekuambia atashona ubavu anakuuzia hatari. Nikafunga spea na kuendesha kilomita zilizobaki nikijua kwamba jiwe la pili litanilaza pale. Tangu siku ile naheshimu zile tabaka tatu za nyuzi. Zinastahili bei yake, kwa mtu anayekwenda kwenye mawe.

Na miiba, ambayo ndiyo adui halisi wa shemeji. Miiba ya migunga ya Dodoma mara nyingi haipiti ubavuni, inaingia kwenye kashata, na mwiba mrefu unapita mpira wa mm 10 na wa mm 12 vilevile. Hapa tairi ghali haliokoi. Kinachookoa ni zile nyuzi za mpira za kuchomeka kwenye tundu, koleo ya kung'olea mwiba, na pampu ndogo ya umeme wa gari. Nilimwambia anunue hivyo vitatu kabla ya tairi lolote.

Land Cruiser ya kazi ni habari nyingine

Jirani yangu hapa Arusha anaendesha watalii. Gari lake ni Land Cruiser mkonga iliyorefushwa, viti saba, paa la kuinuka, matangi mawili ya mafuta, spea mbili, friji, na mabegi ya wageni. Njia yake ni Karatu, Ngorongoro, kisha ile barabara ya kokoto kuteremka hadi Naabi na kuingia Serengeti, mara nne au tano kwa mwezi msimu ukichanganya. Angeniuliza swali lile lile la shemeji ningemjibu kinyume kabisa, tena bila kusita.

Ekseli yake ya nyuma peke yake inaweza kubeba zaidi ya tani mbili. Tairi la kilo 1,120 pale linafanya kazi karibu na ukomo wake, kwenye joto, kwenye barabara iliyojikunja, kwa mwendo wa saa nzima nzima. Tairi linalofanya kazi ukomoni linapata moto, na moto ndio unaopasua matairi kuliko mawe. Kwake LT si anasa. KO2, au tairi jingine la LT lenye ubavu wa namna hiyo, ndilo chaguo lake la kwanza. Zile kelele na ugumu nilivyomhesabia shemeji kama hasara, kwake havisikiki hata kidogo, maana gari lenyewe lina springi za majani nyuma na injini inayounguruma kuliko tairi lolote.

Lakini hata yeye hatumii KO2. Anatumia 7.50R16 zenye tyubu, kama madereva wengi wa mikonga, na ana sababu nzito. Tairi la tyubu linafunguliwa kwa vyuma viwili na nyundo, popote, na fundi yeyote wa Karatu au Mugumu ana tyubu yake. Jembamba vile, linakata tope laini hadi kufika chini kwenye ugumu badala ya kuelea juu. Bei yake ni ndogo kuliko AT ya kisasa. Hasara zake nazo anazijua: tyubu ikitobolewa inatoa upepo wote kwa mara moja, wakati tairi lisilo na tyubu mara nyingi linavuja taratibu na kukupa muda wa kusimama. Tena breki kwenye lami iliyoloa ni mbaya zaidi kuliko kwenye tairi pana la kisasa. Akiniuliza leo, kwa gari lenye rimu za inchi 16 zinazokubali, ningemwambia aende 265/75R16 ya LT. Kimo chake kinakaribiana na cha 7.50R16, kwa hiyo spidomita haisumbuki. Hajaniuliza, na anafahamu njia yake kuliko mimi.

Chaguo la tatu, na jina la zamani

Shemeji alirudi na picha ya tatu: General Grabber AT3. Nilifurahi kuona lile jina. Watu wa umri wangu hapa Arusha wanakumbuka kiwanda cha General Tyre, kilichoanza kutoa matairi mwanzoni mwa miaka ya 1970, serikali ikiwa na hisa nyingi na Continental ya Ujerumani ikaja kuwa mbia. Kilisimama mwaka 2009. Wakenya nao walikuwa na Yana, na kiwanda chake cha Nairobi kikafungwa mwaka 2016. Kwa hiyo leo tairi la Land Cruiser linakuja kwa meli, na ndiyo sababu tarehe ya kutengenezwa ina uzito mkubwa kuliko ilivyokuwa wakati tairi linatoka kiwandani Njiro na kufungwa wiki hiyo hiyo.

Jina la General liko chini ya Continental, na Grabber AT3 ni tairi la heshima. Linakaa katikati ya yale mawili: kashata zinazoelekea porini zaidi kuliko za Geolandar, bila ugumu wote wa KO2. Kwa kipimo cha shemeji lilikuwa la LT, 120/117S, kwa hiyo hoja yangu ya uzito inalihusu pia. Angekuwa anakwenda shamba kila siku badala ya kila Jumamosi, ningelipa nafasi ya kwanza.

Kuhusu KO2 lenyewe, jueni kwamba BFGoodrich, ambayo iko chini ya Michelin tangu 1990, ilitoa KO2 mwaka 2014 na mrithi wake KO3 mwaka 2024. Madukani yanakutana yote mawili. KO2 lililobaki linaweza kuwa bei nzuri, mradi usome tarehe.

Tarehe, mtumba, na alama ya theluji

Tafuta ubavuni herufi DOT. Mwishoni mwa mfululizo ule, mara nyingi ndani ya kiduara cha mviringo mrefu, kuna tarakimu nne. 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tarakimu hizo huandikwa upande mmoja tu, kwa hiyo usipoziona, geuza tairi. Mimi niliwahi kulipa bei ya tairi jipya kwa tairi lililokaa stoo miaka minne, na sikugundua mpaka nilipoliosha nyumbani. Lilikuwa jipya kweli, halijawahi kugusa barabara, lakini mpira unazeeka hata ukiwa umelala, na ukiwekwa nje juani unazeeka kwa haraka zaidi. Kwangu mimi, tairi lenye mwaka mmoja au miwili halina neno. Likizidi mitatu naomba punguzo kubwa au naliacha. Na lolote likifika miaka kumi linatoka kwenye gari hata kama kashata zimejaa, ikiwemo spea ambayo hatuiangaliagi.

Mtumba wa matairi sitaki hata kuufikiria kwa gari zito. Huwezi kuona jeraha la ndani, huwezi kujua liliendeshwa bila upepo kilomita ngapi. Mengine ni yale laini ya barafu ya Japani, yanayokuja yamefungwa kwenye magari na kuandikwa STUDLESS ubavuni. Mpira wake umetengenezwa uwe laini kwenye baridi kali. Kwenye lami ya saa nane mchana Manyoni unayeyuka kama sabuni, na gari linayumba. Gari likitoka bandarini na matairi hayo, yatoe.

Hapa shemeji aliingiwa na hofu, maana Geolandar lina alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani. Akadhani nalo ni la barafu. KO2 na Grabber wanayo pia. Alama hiyo inasema tu kwamba tairi lilifaulu jaribio la kushika kwenye theluji. Haimaanishi ni laini kama lile la STUDLESS, na halitakudhuru Dodoma.

Usiongeze kimo bila hesabu

Muuzaji alimshawishi achukue 265/70R17, "likae juu kidogo". Kimo cha tairi zima la 265/65R17 ni kama milimita 776. Cha 265/70R17 ni kama 803. Tofauti ni asilimia tatu na nusu hivi. Spidomita ikisoma 100, wewe uko karibu 103 na nusu, na kamera za trafiki hazitakusikiliza. Gari linainuka sentimita moja na kitu tu, maana ni nusu ya ile tofauti inayokwenda chini ya ekseli. Faida hiyo ndogo inakuja na uzito zaidi. Nikamwambia abaki na kipimo cha kibandiko cha mlangoni.

Na yawe ya aina moja yote manne. Prado inasukuma magurudumu yote muda wote, na difu ya katikati inategemea magurudumu ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kimo kimoja. Kufunga mapya mawili nyuma na kuacha yaliyoisha mbele ni kuifanyisha ile difu kazi hata ukiwa kwenye lami iliyonyooka. Ukiweza, nunua matano, spea iingie kwenye mzunguko, na uyabadilishane nafasi kila kilomita 8,000 hadi 10,000.

Upepo

Kibandiko cha mlango wa dereva kwenye Prado ya shemeji kinasema psi 29. Namba hiyo iliandikwa kwa tairi la kawaida, kama Geolandar la 112. Atakalotakiwa kufanya ni kuifuata, aongeze mbili tatu akijaza gari kwa safari ya Dar. Angechukua LT asingeweza kuifuata: tairi la LT linahitaji upepo mwingi zaidi kubeba uzito ule ule, na kwa Prado ningeanzia 35 hadi 40. Watu wengi wanaolalamika kwamba matairi yao ya LT yameliwa mabegani waliyajaza kwa namba ya kibandiko. Wengine wamejazwa 50 na fundi, wanalalamika gari linaruka kama mpira.

Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Likiwa moto psi zinapanda, na ukizitoa hapo unajidanganya. Kwenye mchanga wa kuingia shambani, shuka hadi 18 au 20, endesha taratibu, kisha jaza tena kabla ya kurudi lami. Ndiyo maana ile pampu ndogo ilitangulia tairi kwenye orodha.

Bei

Sitaweka bei hapa kwa sababu zinabadilika kwa mji na kwa mwezi. Ila fanya hesabu hii: chukua bei ya seti nzima pamoja na kufunga, kubalansi na alaimenti, gawa kwa kilomita unazotarajia. Marekani, Yokohama walitoa dhamana ya maili 60,000, karibu kilomita 96,000, kwa G015 la aina isiyo LT, na BFGoodrich maili 50,000, kama kilomita 80,000, kwa KO2. Kwa barabara zetu toa sehemu kubwa. Lakini uwiano unabaki kukuambia kitu: kwa mtu wa lami, tairi lenye bei nafuu zaidi ndilo pia linaloahidi kufika mbali zaidi. Kwa mtu wa mawe hesabu inageuka, maana ubavu mmoja ukipasuka mwezi wa tatu, kilomita zote zilizobaki umezitupa.

Shemeji alichukua Geolandar, matano. Muuzaji alikuwa na manne yaliyotengenezwa wiki ile ile na la tano la mwaka mmoja nyuma. Hilo la tano tuliliweka spea kwa kuanzia, liingie kwenye mzunguko kilomita 8,000 za kwanza zikitimia. Alinitajia kuna kazi huenda ikampeleka Simanjiro kwa mwaka mzima, kwenye barabara za migodini. Ikija kweli, aniambie mapema, auze haya yakiwa bado na kashata na tufunge yale ya tabaka tatu. Rimu ni zile zile, zinayapokea bila kubadilisha chochote, isipokuwa namba ya upepo.